Monita za utayari wa gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya ukaguzi wa moshi

Maswali haya hutoka kwa watu ambao gari lao limekataliwa ukaguzini ilhali taa ya injini haiwaki na gari linakwenda vizuri. Kanuni zinazotajwa hapa ni za Marekani, kwa kuwa huko ndiko ukaguzi wa kuchomeka mashine kwenye soketi ya OBD-II (mfumo wa gari kujipima lenyewe) ulikoenea. Namna monita zenyewe zinavyofanya kazi haibadiliki sana kutoka gari moja lenye mfumo huo hadi jingine.

Msimamo wangu ni huu: tengeneza kwanza, endesha kama kawaida, jipime mwenyewe, ndipo uende. Mengi kati ya majibu yafuatayo yanaeleza tu kwa nini mpangilio huo haugeuzwi.

## Mambo ya msingi

1. Monita za utayari ni nini?

Kompyuta ya injini hujipima yenyewe unapoendesha. Hupima kama katalisti inasafisha moshi, kama sensa za oksijeni zinajibu upesi, kama mvuke wa petroli unavuja, na kadhalika. Kila kipimo cha namna hiyo ni monita, na kila monita hubeba alama moja: imekamilika au bado. Mkaguzi akichomeka mashine yake kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, anasoma alama hizo pamoja na misimbo ya hitilafu na hali ya taa ya injini.

Marekani ilifanya OBD-II kuwa lazima kwa magari madogo kuanzia ya mwaka wa 1996. Ulaya ilifuata na mfumo wake unaofanana nao kwa magari ya petroli mwaka 2001.

2. Taa ya injini haijawaka. Mbona nimekataliwa?

Kwa sababu taa iliyozima ina maana mbili. Huenda gari limejipima na kujiona halina hitilafu, au huenda halijajipima kabisa. Mkaguzi hawezi kuzitofautisha kwa macho, ila monita zinamwambia. Monita nyingi zikiwa bado, kwake gari lako halijafeli wala kufaulu, halijafanya mtihani. Ndiyo maana vituo vingi huandika "halijawa tayari" badala ya kutaja hitilafu.

3. Ni monita zipi hizo?

Kuna makundi mawili. La kwanza ni zile zinazofanya kazi muda wote injini ikiwaka: kumisi kwa injini, mfumo wa mafuta, na vipuri vya umeme kwa ujumla. Hizi kwa kawaida hukamilika mapema na hazimsumbui mtu.

La pili ni zile zinazosubiri hali maalumu: katalisti, sensa za oksijeni, hita za sensa hizo, mfumo wa mvuke wa mafuta (kwenye skrini huandikwa EVAP), mfumo wa kurudisha moshi (EGR), na kwa baadhi ya magari hewa ya ziada inayopulizwa kwenye ekzosi. Si kila gari lina zote. Skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) ikionyesha kwamba monita fulani haipo kwenye gari lako, hiyo haihesabiwi.

4. Ngapi zinaweza kubaki bila kukamilika?

Mwongozo wa EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, unaruhusu mbili kwa magari ya petroli ya miaka ya 1996 hadi 2000, na moja kwa magari ya 2001 na kuendelea. New York na Texas zinatumia hesabu hiyo. California ni kali zaidi: gari la petroli la mwaka 2000 au jipya zaidi linaweza kubakiwa na EVAP peke yake, na la 1996 hadi 1999 linaruhusiwa moja yoyote. Mwaka unaohesabiwa ni wa modeli, si ule ulionunua gari.

Hesabu hii ni msaada mkubwa. EVAP ndiyo hukawia kuliko zote, hivyo mtu ambaye zote zimekamilika isipokuwa hiyo anaweza kwenda ukaguzini bila kusubiri. Kama uliwahi kukataliwa kwa sababu ya katalisti, hata hivyo, uliza kituo chako kwanza: baadhi ya majimbo hutaka monita ya katalisti iwe imekamilika kwenye ukaguzi wa marudio.

## Kinachozifuta

5. Nini hurudisha monita kwenye "bado"?

Mambo matatu hasa: kufuta misimbo kwa skana, kukata umeme wa betri (kuibadilisha, kuichomoa, au kuiacha iishe kabisa), na kuingiza programu mpya kwenye kompyuta ya injini. Baadhi ya magari mapya hutunza alama hata betri ikichomolewa, lakini usiyategemee hayo.

Kuazima moto kutoka gari jingine hakufuti kitu kwenyewe. Kinachofuta ni ule udhaifu wa betri uliokufanya uazime. Ukiona monita zinarudi mwanzo kila baada ya siku chache na hakuna aliyegusa gari, anza na betri na sehemu zake zinakofungwa nyaya.

6. Fundi amefuta misimbo na taa imezima. Niende ukaguzini leo?

Usiende. Utalipa ada ya kukataliwa.

Hili linaniuma kwa sababu linajirudia sana: mtu anafika gereji na taa imewaka, anafutiwa msimbo, anaambiwa gari limepona. Kufuta msimbo hakutengenezi kitu. Kunafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea, yaani joto, spidi na mzigo, na hiyo ndiyo fundi mzuri angeihitaji kutafuta tatizo. Na monita zote zinarudi mwanzo. Kama hitilafu ipo, taa itawaka tena, mara nyingi baada ya safari mbili, kwa kuwa vipimo vingi vinataka hitilafu ionekane mara mbili mfululizo kabla ya taa kuwashwa.

Fundi akikuambia anataka kufuta, muulize kwanza ametengeneza nini. Na kama ametengeneza kweli, kumbuka taa hujizima yenyewe baada ya kipimo hicho kufaulu kwenye safari tatu mfululizo. Ukiwa na muda, ni bora kuiacha ijizime, kwa sababu monita nyingine hazitaguswa.

7. Nikizima gari katikati, kilichokamilika kinapotea?

Hapana. Monita ikishakamilika inabaki hivyo mpaka litokee mojawapo ya yaliyotajwa kwenye swali la 5. Kinachopotea ni kipimo kilichokuwa nusu njia, ambacho kitaanza upya safari ijayo.

Mkanganyiko huu hutoka kwenye skana. Nyingi zina kurasa mbili zinazofanana: moja inaonyesha hali tangu misimbo ilipofutwa, nyingine inaonyesha safari ya sasa tu. Ya pili hurudi kwenye "bado" kila unapowasha gari, na watu hushtuka bure. Mkaguzi anasoma ya kwanza.

## Kuzikamilisha

8. Nitayarishe nini kabla?

Hakikisha hakuna msimbo wowote, hata ule ambao haujawasha taa. Skana huuonyesha kwenye ukurasa wake wa misimbo inayosubiri. Msimbo unaosubiri huweza kuzuia vipimo vingine: sensa ya oksijeni yenye mashaka, kwa mfano, huzuia kipimo cha katalisti, kwa sababu katalisti hupimwa kwa kutumia sensa hizo hizo.

Weka mafuta kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya tenki na usiongeze mpaka umalize. Funga kifuniko cha tenki mpaka kilie. Kagua maji ya rejeta. Kisha acha gari lilale limezimwa saa 8 au zaidi, usiku mzima ukiweza, ili injini ipoe ilingane na hewa ya nje.

9. Niendesheje?

Kila mtengenezaji ana mzunguko wake wa kuendesha, na kama unao wa modeli yako, ufuate huo. Usipokuwa nao, huu unafaa magari mengi ya petroli:

Asubuhi, washa gari likiwa baridi. Usiache swichi imefunguliwa muda mrefu kabla ya kuwasha, kwa sababu hita za sensa za oksijeni huanza kupasha na kipimo chake kinaweza kuharibika. Acha injini iwake gari limesimama kwa dakika mbili au tatu, AC na hita ya kioo cha nyuma vikiwa vimewashwa.

Ondoka taratibu. Endesha mjini kama dakika kumi, ukisimama na kuondoka mara kadhaa, na kila unaposimama acha injini iwake nusu dakika hivi.

Ingia barabara kuu. Fika kama kilomita 90 kwa saa na ubaki hapo bila kupandisha wala kushusha, dakika kumi hadi kumi na tano. Kifaa cha kushikilia spidi kinasaidia sana hapa. Kisha, kama hakuna gari nyuma yako, achia mafuta kabisa bila kukanyaga breki mpaka ushuke kama kilomita 35 kwa saa. Panda tena kwa kukanyaga wastani, shikilia 90 dakika tano, achia tena. Huku kuachia ndiko wengi wanakokuruka, na ndiko EGR na baadhi ya vipimo vya sensa hufanyikia.

Malizia kwa kusimama na injini ikiwaka dakika mbili, soma skana, ndipo uzime. Rudia kesho yake asubuhi kwa ajili ya EVAP.

Usijiweke hatarini kwa ajili ya mzunguko. Barabara ikiwa na msongamano, acha, ujaribu siku nyingine mapema asubuhi.

10. Itachukua muda gani?

Kwa gari zima na dereva anayechanganya mjini na barabara kuu, siku chache hadi wiki moja, mara nyingi ndani ya kilomita 80 hadi 160. Hita za sensa hukamilika karibu mara moja, sensa zenyewe na EGR hufuata, katalisti baadaye, EVAP mwisho. Ukiona mpangilio wako umekwama mahali, nenda kwenye swali la monita hiyo hapo chini.

11. Je, kuacha injini ikiwaka uwanjani kwa saa nzima kunatosha?

Hapana. Vipimo vingi vinataka gari litembee kwa spidi fulani, na vingine vinataka injini iliyoanza ikiwa baridi. Utachoma mafuta tu.

12. Nitajuaje kama ziko tayari bila kulipia ukaguzi?

Nunua au azima skana ndogo. Hata ya bei ya chini inayounganishwa na simu inasoma monita, na hakuna kifaa kitakachokuokolea pesa zaidi katika jambo hili. Soma monita, soma misimbo yote (iliyothibitishwa, inayosubiri, na ya kudumu, tazama swali la 21), na kama inaonyesha umbali tangu misimbo ilipofutwa, angalia pia namba hiyo. Ikiwa umenunua gari lililotumika na inasema kilomita 12, muuzaji alifuta kitu juzi.

Bila skana, magari kadhaa yana njia yake: fungua swichi bila kuwasha injini na utazame taa ya injini. Lazima iwake (ikikaa kimya, balbu imeungua au imeondolewa, nawe utafeli kwa hilo peke yake). Kwenye modeli nyingi, ikiwaka bila kupepesa ujue monita ziko tayari. Ikianza kupepesa baada ya sekunde 15 hadi 20, bado. Angalia kitabu cha gari lako kwanza, kwani si yote yanayofanya hivyo.

## Monita moja inapogoma

13. EVAP haikamiliki. Kwa nini?

Kwa sababu ndiyo yenye masharti mengi kuliko zote. Kompyuta inatafuta uvujaji wa mvuke wa petroli, na kwa magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000 inatakiwa iweze kugundua tundu la nusu milimita. Ili ione kitu kidogo kiasi hicho, inahitaji utulivu.

Kipimo hufanyika hivi. Vali ya hewa karibu na kopo la mkaa (linalonasa mvuke wa petroli) inafungwa, kisha vali ya kufyonza inafunguliwa ili injini ivute hewa kutoka kwenye tenki. Mvuto ukishafika kiwango, vali ya kufyonza nayo inafungwa, na tenki lote linakuwa limezibwa. Sasa kompyuta inatazama sensa ya mgandamizo. Mvuto ukibaki, hakuna tundu. Ukipungua upesi, kuna mahali panavuja. Sasa fikiria tenki lililojaa pomoni: nafasi ya hewa ni ndogo mno, namba hazina maana. Tenki likiwa karibu tupu, nafasi ni kubwa mno na mafuta yanayumba. Siku ya joto kali petroli inatoa mvuke mwingi unaoua mvuto. Kwa hiyo kompyuta inakataa hata kuanza.

Masharti ya kawaida ni mafuta kati ya asilimia 15 na 85 ya tenki, hewa ya nje kati ya nyuzi 4 na 35 za Selsiasi, gari lililolala saa 6 hadi 8, na joto la maji ya injini likiwa karibu sawa na la hewa inayoingia wakati wa kuwasha. Mwanga wa jua ukilipasha boneti asubuhi, sharti hilo la mwisho linaweza kuvunjika, egesha kivulini.

Baadhi ya magari hupima yakiwa yamezimwa. Kwenye Toyota nyingi, pampu ndogo huamka saa 5 hivi baada ya kuzima gari na kupima yenyewe. Ukiwa na gari la aina hiyo na ukalitumia kila baada ya saa tatu, monita haitakamilika kamwe, hata ukiendesha kwa ustadi gani. Lipumzishe.

Masharti yote yakitimia na bado inagoma, kagua sili ya mpira ya kifuniko cha tenki, kisha lipeleke gari kwa fundi mwenye mashine ya moshi, ambayo hupuliza moshi ndani ya mfumo na kuonyesha unakotokea. Na acha kuongeza mafuta baada ya pampu ya kituo kukata yenyewe. Petroli ya ziada huingia kwenye kopo la mkaa, ambalo limetengenezwa kushika mvuke, si majimaji.

14. Katalisti haikamiliki.

Mara nyingi haijapata safari ndefu ya spidi moja. Katalisti hufanya kazi ikiwa moto, na kompyuta huilinganisha kwa sensa mbili: ya mbele inapanda na kushuka haraka kufuatana na mchanganyiko wa mafuta na hewa, ya nyuma inatakiwa itulie kwa sababu katalisti inahifadhi oksijeni na kusawazisha. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, unapata P0420, msimbo wa katalisti iliyochoka. Ukiendesha mjini tu, linganisho hilo haliwezi kufanyika vizuri.

Rudia sehemu ya barabara kuu kwenye swali la 9. Ikishindikana, tafuta uvujaji wa ekzosi karibu na sensa. Gasketi iliyoungua inaingiza hewa ya nje na kuidanganya sensa, na nimeona watu wakinunua katalisti nzima kwa sababu ya gasketi.

15. Nimeendesha wiki nzima na karibu hakuna iliyokamilika.

Shuku themostati kabla ya kitu kingine chochote. Chomeka skana, fungua joto la maji ya injini, uende barabara kuu mtu mwingine akisoma. Injini nyingi hutulia kati ya nyuzi 85 na 105. Ukiona inapanda hadi 80 mjini, kisha inashuka hadi 68 upepo ukianza kuipiga rejeta, themostati imekwama ikiwa wazi. Kompyuta inaamini injini haijapata moto, na inaahirisha vipimo vyote vinavyodai injini moto. Geji ya dashibodi haitakusaidia, kwani kwenye magari mengi imewekwa isimame katikati hata joto likiyumba. Msimbo wake ni P0128, lakini monita hukwama hata kabla haujatokea. Na themostati ni kipuri cha bei ndogo kwenye magari mengi.

Baada ya hapo: betri au altaneta dhaifu (vipimo husitishwa umeme ukishuka), msimbo unaosubiri (swali la 8), na kompyuta inayopoteza kumbukumbu kila unapozima. Hiyo ya mwisho utaijua kwa namba ya umbali tangu kufutwa: ikirudi sifuri kila asubuhi, fuata waya na fyuzi ya umeme wa kudumu wa kompyuta.

16. Hita za sensa za oksijeni, sensa zenyewe, EGR?

Hita: washa gari likiwa baridi kabisa, zikigoma, tazama fyuzi. Sensa: spidi moja, kisha kuachia mafuta. EGR: kuachia mafuta bila breki, mara kadhaa, ikigoma, njia yake ya moshi huenda imeziba kwa masizi.

17. Monita ikisema "tayari", ina maana kifaa hicho kizima?

Hapana, na hili ni muhimu. "Tayari" ni kwamba kipimo kimefanyika. Matokeo yanaweza kuwa mabaya, na msimbo ukawa unasubiri safari ya pili ili uwashe taa. Kwa hiyo monita zikikamilika jioni, soma tena misimbo inayosubiri kabla ya kwenda kesho. Skana nzuri huonyesha pia matokeo yenyewe kwa namba pamoja na mpaka wake. Ukiona katalisti imepita kwa kukwaruza, jipange.

## Hali za pekee

18. Gari langu ni la dizeli.

Monita zake ni nyingine: kichujio cha masizi, udhibiti wa oksidi za nitrojeni, mgandamizo wa tabo, sensa za ekzosi, EGR. Kichujio cha masizi hukawia zaidi kwa sababu kinasubiri gari lichome masizi lenyewe, jambo linalotaka safari ndefu yenye mzigo. Usizime gari katikati ya uchomaji. Idadi inayoruhusiwa hutofautiana na ya petroli. Uliza kituo chako.

19. Haibridi, ambayo injini yake inazima yenyewe?

Vipimo vinahitaji injini inayowaka. Barabara kuu kwa spidi moja ndiyo njia ya uhakika. Kwa haibridi ya kuchaji kwa plagi, anza na betri kubwa iliyoshuka au tumia hali inayolazimisha petroli, la sivyo unaweza kuendesha juma zima injini isiguswe. Gari la umeme tupu halina monita hizi.

20. Naishi kwenye baridi kali, au milimani.

Kompyuta inaruhusiwa kuahirisha vipimo vingi hewa ikiwa chini ya nyuzi 7 chini ya sifuri, au gari likiwa juu ya mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. EVAP hukata tamaa mapema zaidi, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 13. Ukiweza, fanya matengenezo kabla ya msimu wa baridi. Ukishakwama, gari lililolala ndani ya banda lisilo na hita lakini lenye nafuu ya joto huweza kutimiza sharti la asubuhi; na kama unaishi mlimani, safari ya kushuka bondeni na kulala huko huleta matokeo.

21. Msimbo wa kudumu ni upi?

Ni msimbo ambao skana haiwezi kuufuta wala kuchomoa betri hakuuondoi. Ulianza kuwekwa kwenye magari ya kuanzia 2010 hivi. Unaondoka wenyewe, pale kompyuta inapokipima kifaa kile na kukikuta kizima. California imekuwa ikikataa magari yenye misimbo hiyo tangu Julai 2019, ila gari ambalo tangu kufutwa misimbo limepata moto mara 15 na kutembea maili 200, yaani takriban kilomita 320, msimbo huo hauhesabiwi. Kupata moto hapa kuna kipimo chake kwa petroli: maji yapande angalau nyuzi 22 kutoka yalipoanzia na kufika angalau 71.

22. Kuna kifaa au programu inayoonyesha monita zote ziko tayari. Nitumie?

Usitumie. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuharibu au kukwepa mfumo wa kudhibiti moshi, na vituo vimejifunza kutambua. California tangu Julai 2021 hukagua hata kama programu ya kompyuta ya injini ni ya mtengenezaji au iliyoidhinishwa. Gari lililobadilishwa programu ili kuongeza nguvu mara nyingi hujikuta hapo hapo: monita zimezimwa, na mwenyewe aliyelinunua hajui. Dawa yake ni kurudisha programu halisi, kisha kuanza mzunguko upya. Na moshi unaofichwa na kifaa hicho unavutwa na watu, wa kwanza wakiwa walio nyuma yako kwenye foleni.

23. Mashine ya mkaguzi haiwasiliani na gari.

Chomoa kifaa chochote ulichoweka kwenye soketi, kama cha kufuatilia gari au cha bima. Redio isiyo ya kiwandani huvuruga mawasiliano kwenye baadhi ya magari. Soketi isipokuwa na umeme kabisa, mara nyingi inatumia fyuzi moja na kiberiti cha sigara, kwa hiyo anza hapo.

24. Nimefanya yote, monita moja bado, na tarehe imefika.

Hesabu tena kwanza, kwa jedwali la jimbo lako (swali la 4). Mara nyingi hiyo moja inaruhusiwa na mtu alikuwa anahangaika bila sababu.

Isiporuhusiwa, mpigie wakala wa mtengenezaji, mpe namba ya chesisi, uulize mambo mawili: mzunguko rasmi wa modeli hiyo, na kama kuna programu mpya ya kompyuta inayohusu monita hiyo. Baadhi ya modeli, hasa za miaka ya mwanzo ya OBD-II, zina monita ambazo hazikamiliki kwa uendeshaji wa kawaida. Majimbo hutunza orodha ya magari hayo na huyapima kwa njia nyingine, lakini mkaguzi asipokumbuka kuitazama utarudishwa nyumbani. Muombe aitazame. Beba risiti za matengenezo na picha ya skrini ya skana yako yenye umbali tangu kufutwa. Majimbo kadhaa hutoa muda wa ziada kwa mwenye gari anayeweza kuonyesha kwamba ametengeneza na bado anaendesha.